Dumu Lenye Sauti: Maneno ya Fundi Redio kwa Vijana wa Kata

(Maelezo yaliyotolewa na fundi redio mmoja katika mkutano wa wakazi, Bagamoyo. Yanachapishwa kwa manufaa ya wakazi wa kata zote.)

 

Nimeombwa nieleze jinsi ya kutengeneza spika ya kubebeka kwa kutumia dumu lililokwisha kazi. Nimekuja na langu la lita 10, lililokuwa la mafuta ya kula. Nianze na jambo wanalolikosea wengi: hudhani sauti ni kazi ya spika peke yake.

Mji wetu unaijua ngoma. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa hapa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kimewafunza wapigaji wengi. Mwulizeni yeyote kati yao, atawaambia kuwa ngozi bila mzinga ni ngozi tu. Spika nayo ni hivyo hivyo. Koni yake inaposukuma hewa ya mbele, huivuta ya nyuma. Pasipo kizuizi, hewa ya mbele huzunguka ukingoni na kuziba pengo la nyuma, na besi inapotea. Kazi ya dumu ni kuzitenganisha hewa hizo mbili.

Chagueni dumu la maji au la mafuta ya kula. Lililobeba petroli au dawa ya wadudu liacheni kabisa. Lioshwe kwa sabuni, likauke vizuri. Spika ya inchi 3 au 4 hupatikana katika redio au televisheni mbovu. Ipimeni kwa betri ndogo ya volti 1.5: gusisheni nyaya mara moja tu, na mkisikia "tak", koili yake ni nzima. Mkitumia spika mbili, hakikisheni koni zote huruka nje kwa pamoja. Moja ikisukuma huku nyingine ikivuta, besi itakufa tena.

Tundu likatwe dogo kuliko ukingo wa spika, ili skrubu zipate pa kushika. Katikati wekeni pete ya mpira wa ndani wa baiskeli, hewa isivuje. Ndani tieni vipande vya godoro kuukuu, maana plastiki nyembamba hutetemeka na kuchafua sauti. Amplifaya ndogo ya volti 5 yenye Bluetooth inatosha. Kwa kuwa tunaishi na hewa ya chumvi, funikeni kila kiungo kilichochomewa kwa risasi, kisiliwe na kutu.

Sasa nawaomba mnisikilize zaidi. Wengi huchukua seli za lithiamu kutoka kompyuta mpakato mbovu. Nami nilifanya hivyo. Niliichaji seli bila kibao cha ulinzi, nikaenda kula. Niliporudi, meza ilikuwa inawaka na pazia limeshika moto. Wanangu walikuwa wamelala chumba cha pili. Kosa lilikuwa langu. Seli hiyo haipaswi kuvuka volti 4.2, na asiye na kifaa cha kuizuia haoni inapovuka. Kwa hiyo anayeanza atumie pawabenki nzima, kwani hutoa volti 5 na ulinzi wake umo ndani. Betri iliyovimba msiitoboe, msiitupe jalalani wala msiichome. Mwulizeni Afisa Afya wa kata mahali pa kuipeleka. Moto ukizuka, toeni watu kwanza, kisha pigeni 114, Zimamoto na Uokoaji.

Msiidharau kazi hii kwa sababu inaanza na taka. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi alitaka likembe zisikike katikati ya kelele za jiji. Maikrofoni zake ziliundwa kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu. Bendi yake, Konono Nº1, ilifika kupiga muziki Ulaya na Marekani.

Nanyi mnayo njia ya kuanzia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Undeni kikundi, kisajilini, na mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Akiwauliza mnajua nini, mwonyesheni dumu linaloimba.

Mwisho, jirani ana mgonjwa, ana mtoto mchanga, ana sala zake. Kitufe cha kupunguza sauti nacho ni cha kutumiwa.