Funza wa Samadi: Yupi wa Kuku, Yupi wa Kuogopwa

(Maelezo yaliyotolewa kwa kamati za maendeleo za parokia, Lemara, Arusha)



Nimeombwa kuzungumzia wadudu wanaoonekana mtu anapofukua samadi au lundo la mboji shambani. Nianze na majina, maana ndiyo yanayotuchanganya. Nikisema funza sisemi yule wa vidole vya miguu. Nasema mtoto wa nzi. Tunayemtafuta ni mtoto wa nzi askari mweusi, ambaye wengine humwita nzi chuma, na wataalamu humwita Hermetia illucens. Asili yake ni Amerika, lakini siku hizi yumo katika nchi nyingi za joto.

Mtu akisikia "askari" hufikiria viwavijeshi vamizi, wale walioingia katika mahindi yetu mwaka 2017, na mara anakimbilia dukani kununua dawa. Hawa hawana undugu. Kiwavijeshi ana miguu, anakula majani mabichi, na usoni ana alama kama Y iliyopinduliwa. Funza wa nzi askari hana mguu hata mmoja. Chakula chake ni kilichooza, wala hashambulii mahindi yaliyosimama. Dawa inayonyunyizwa kwenye lundo lake ni fedha ya mradi iliyomwagwa, na kuku wakidonoa hapo wanakula sumu.

Mwekeni kiganjani mumtazame. Ni bapa. Ngozi yake ni ngumu, ina pingili zinazoonekana wazi na vinyweleo vifupi. Kichwa ni kidogo, chembamba, na kinaonekana. Akikomaa hufikia sentimita 2 au kuzidi kidogo. Rangi huanza nyeupe iliyofifia, kisha kahawia, mwisho karibu nyeusi. Wakati huo ameacha kula na anatambaa kutafuta mahali pakavu. Ndiyo maana mara nyingine mnamkuta nje ya lundo, mkashangaa katokea wapi.

Funza wa nzi wa nyumbani ni laini, mweupe, wa mviringo, na hufikia kama sentimita 1 tu. Mbele amechongoka, kichwa hakionekani. Nyuma ana vidoa viwili vyeusi ambavyo watu wengi hudhani ni macho! Ni matundu ya kupumulia. Yule mnene mweupe aliyejikunja kama herufi C, mwenye miguu sita, ni mtoto wa mbawakawa, na baadhi ya jamii zake hula mizizi.

Mkiwa bado na shaka, wekeni wachache waliokwisha kuwa weusi kwenye ndoo yenye udongo mkavu, mfunike kwa chandarua. Baada ya wiki mbili hivi, au zaidi katika baridi ya Juni na Julai, atatoka nzi mweusi mrefu anayefanana na nyigu. Ana mabawa mawili, nyayo nyeupe, na kiunoni sehemu mbili zinazopitisha mwanga. Hang'ati, hachomi, wala hafuati chakula mezani.

Sasa jambo zito. Kumtambua funza hakutoshi. Ulizeni ametoka wapi. Funza waliokulia kwenye mzoga, wawe wa nzi yeyote, wanaweza kubeba sumu ya bakteria inayomlegeza kuku shingo na mabawa mpaka ashindwe kusimama. Watu husema ni mdondo, wanalaumu chanjo, kumbe kuna kuku mfu aliyetupwa nyuma ya banda. Fukieni mizoga siku hiyohiyo. Funza wa chooni nao wasipewe kuku, wala wa kwenye taka zenye betri na rangi, kwa sababu miili yao huhifadhi madini kama kadimiamu.

Wafadhili wameuliza kama funza hawa watapunguza gharama ya dagaa. Watafiti wa icipe, Nairobi, wameonyesha kwamba unga wake unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya unga wa samaki katika chakula cha kuku. Sehemu, jamani. Kwa maoni yangu tusijenge mabanda ya kufugia nzi mwaka huu. Kila kikundi kianze na ndoo moja ya mabaki ya jikoni na kuandika kinachotoka.

Mdudu asiyetambulika, hasa aliyekutwa kwenye mmea, apelekwe kwa bwana shamba wa kata, au TPHPA pale Ngaramtoni, akiwa ndani ya chupa yenye spiriti, pamoja na karatasi inayoeleza alikutwa wapi na lini.