Haiba na Mapenzi ya Ndoa: Mada kwa Wajumbe wa Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa, Chemba



Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kila kata iwe na baraza la usuluhishi lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Ukiondoa sababu chache zilizotajwa katika kifungu cha 101, hakuna anayeweza kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Kwa hiyo wanandoa wa Kwa Mtoro, Farkwa au Goima, wawe Warangi, Wasandawe, Waburunge au Wagogo, wanapita kwenu kwanza. Nimeombwa niseme jinsi haiba za watu zinavyoathiri namna wanavyopendana. Msimamo wangu ni huu: aina za haiba zinafaa kutusaidia kuuliza maswali, hazifai kutumika kutoa hukumu.

Wengi wenu mmeshasikia katika semina za ndoa habari za watu wa aina nne: sangwini mchangamfu, koleriki mpenda kuamrisha, melankoli mwenye kuwaza sana na flegmatiki mpole asiye na haraka. Mgawanyo huo ni wa kale. Matabibu wa Kigiriki waliamini kuwa tabia hutokana na majimaji manne ya mwilini, na mchungaji Mmarekani Tim LaHaye akaueneza upya makanisani kwa kitabu alichokitoa mwaka 1966. Elimu ya majimaji hayo imekwisha kuachwa. Mwanasaikolojia Carl Jung naye alitoa mgawanyo wake wa haiba mwaka 1921, na juu yake yakajengwa madodoso ambayo watu wengi wakiyajibu tena baada ya wiki chache hupata aina nyingine. Wanasaikolojia wa leo hupendelea kupima sifa tano kuu za haiba kwa kiwango, lakini hata hizo, watafiti walipozipima kwa Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi kwa kilimo kidogo na uwindaji, hawakuziona zikijipanga kama zilivyojipanga Ulaya na Marekani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Sisi wa vijijini tuyakumbuke kabla hatujapokea kipimo chochote kilichotoka mbali.

Ipo elimu nyingine ninayoiamini zaidi, na sehemu ya mizizi yake iko hapa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyofungamana na mama zao. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Akishtuka anarudi kwake. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa undani, nini kinamfurahisha na nini kinamliza, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Miaka 20 baadaye, mwaka 1987, wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaonyesha kuwa mifungamano ya namna hiyo inaonekana pia kwa watu wazima wanaopendana. Wapo walio na utulivu, nao walikuwa zaidi ya nusu ya waliojibu. Wapo wenye hofu ya kuachwa. Wapo wanaojitenga kila mwenzao anapowasogelea sana.

Chukueni mfano huu. Nimeutunga, ila hautakuwa mgeni kwenu. Ufuta umevunwa, Baba Zuhura ameenda Kiteto kutafuta vibarua vya mahindi. Simu anaichajisha dukani. Akiipata anatuma hela, kisha anaizima. Mama Zuhura anapiga usiku kucha, hapati jibu. Anampigia shemeji, anampigia rafiki wa mume, mwisho anatuma ujumbe: "Kama umepata mwingine niambie." Mume anausoma, anakasirika, anakaa kimya siku tatu. Mbele ya baraza anasema: "Wazee wangu, hela natuma, watoto wanakula. Huyu wivu umemzidi." Mke anajibu: "Hata nikilia mbele yake, ananipita kama hajaniona."

Mjumbe mwenye haraka atasema mke ni mgomvi na mume ana moyo mgumu, na faili litafungwa hapo. Mimi ningemuuliza kila mmoja, kwa zamu na kwa sauti ya mzazi: "Mwanangu, ulipokuwa mdogo, ukiumia ulimkimbilia nani?" Huenda mume alipelekwa machungani akiwa mdogo sana, na akilia anaambiwa mwanamume halii. Huenda mke alihamishwa kwa shangazi, kisha kwa bibi, na kila alipozoea mtu akaondolewa. Simu isiyojibiwa inamwongezea mke hofu, na shutuma inamfanya mume azidi kukimbia. Hakuna aliyeacha kupenda. Hapo baraza linaweza kuwapatia makubaliano yanayotekelezeka: mume apige kila baada ya siku mbili, hata kwa dakika tano, na mke asiwahusishe mashemeji kabla hawajazungumza wenyewe. Utoto haumfungi mtu maisha yake yote. Mtu mwenye hofu akipata mwenzi anayetimiza ahadi ndogondogo, hutulia taratibu.

Kuna jambo sitaki lieleweke vibaya. Mwanamume akimpiga mkewe, asije mtu akasema ni koleriki, ndivyo alivyoumbwa. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kesi ya namna hiyo haiponi kwa mazungumzo ya haiba. Mwenye majeraha apelekwe hospitali, na taarifa ifike Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwanamke anayeogopa nyumbani kwake hawezi kusema kweli akiwa ameketi ubavuni mwa anayempiga.

Nawaombeni, wajumbe wenzangu: kabla hamjatia saini hati ya kushindwa kusuluhisha, kila mwanandoa asikilizwe kwanza peke yake bila mwenzake kuwapo, na akiwa ni mke, walau mjumbe mmoja mwanamke awe ameketi naye.