Uso wa Mwalimu Darasani
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Leo hatutasema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya uso wa mwalimu.

Mwalimu akiingia darasani amenuna, watoto hujua kabla hajashika chaki. Yule aliyetaka kuuliza hesabu ya jana hunyamaza, na swali lisiloulizwa leo huwa kosa katika mtihani. Mtoto mwenye hofu husikiliza ukali wa sauti, maneno yenyewe yakampita.

Ninyi wa bandari na wa mashamba mwalijua jambo hili. Msimamizi akianza asubuhi kwa matusi, mtu hufanya kazi akitazama nyuma, na kazi huharibika.

Mwaka 2016 Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitangaza utafiti wao. Walipima mate ya watoto 406 wa shule za msingi, wakitafuta kotisoli, kitu ambacho mwili hutoa mtu akiwa na wasiwasi. Katika madarasa ambayo mwalimu alisema kazi imemchosha hata moyo, kotisoli ya watoto wakati wa asubuhi ilikuwa juu zaidi. Wenyewe walionya kwamba haijulikani nani humwambukiza mwenziwe. Pengine darasa gumu ndilo limchoshalo mwalimu. Sisi twaona yote mawili yaweza kuwa kweli, na kumkaripia mwalimu hakutaponya lolote.

Hapa Kenya serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni. Tulifurahi, na tungali twafurahi. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mwenye watoto 80, na madaftari 80 ya kusahihisha usiku, atatoa wapi subira saa nane mchana?

Fimbo ilikatazwa shuleni mwaka 2001, na ni haki. Lakini ulimi nao huchapa. Mtoto akiitwa mjinga mbele ya wenzake, huichukia hesabu pamoja na aliyeifundisha. Hilo, ndugu walimu, hatuwezi kumtwika mwajiri lote.

Wingi wa watoto darasani ni shauri la mwajiri. Tukiambiwa kwamba twadai starehe, tujibu kwamba twadai masomo ya watoto. Kila mjumbe wa shule amletee katibu hesabu ya watoto wa kila darasa kabla ya mkutano ujao.