Mji wa Fort Portal na Mto Wake

Nimeombwa kusema habari za mji mmoja wa jirani zetu. Nimeuchagua Fort Portal, mji mkuu wa Tooro katika Uganda, maana una neno la kutufundisha sisi wa Karagwe na Kyerwa.

Mtu akitoka kwetu huvuka mto Kagera pale Murongo, akafika Mbarara, kisha akashika njia ya kaskazini hata aione milima ya Rwenzori mkono wa kushoto. Chini ya milima hiyo ndipo ulipo mji, katika nchi ya baridi, karibu meta 1,500 juu ya bahari. Jina lake latoka kwa Gerald Portal, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, naye alifariki mwaka 1894. Ikulu ya Omukama wa Tooro i juu ya kilima kiutazamacho mji. Ufalme huo ulifutwa mwaka 1967, ukarudishwa mwaka 1993. Na mwaka 2020 Fort Portal ulipewa cheo cha jiji.

Lakini mji huo waishi kwa mto wake. Mpanga hushuka kutoka Rwenzori, hupita mjini, na watu hunywa maji yake. Ukingo ukilimwa mpaka majini, au taka zikitupwa humo, mji wote huona taabu.

Sasa tuyafuate maji hayo. Mpanga huingia ziwa George. Toka huko maji hupita mfereji wa Kazinga mpaka ziwa Edward, kisha mto Semliki huyachukua hata ziwa Albert. Na Kagera yetu je? Huingia ziwa Victoria, na maji yake hutoka kwa mto Nile, nayo yafika ziwa lilo hilo la Albert. Basi maji yetu na yao, yaliyoachana mbali sana, hukutana huko na kwenda pamoja mpaka Misri.

Kwa hiyo uchafu tuutupao mtoni haukomi Murongo. Waalimu, wapelekeni watoto kwenye kijito kilicho karibu na shule, mkawaulize: Maji haya yaenda wapi, na nani atayanywa? Kisha wapande miti ukingoni. Jubilei ni siku ya kuhesabu tuliyopokea. Tuhesabu pia tutakayowaachia walio chini ya mto.