Gemu ya Dijitali ni Mali ya Nani? Haki ya Kuhamisha Gemu kutoka Akaunti Moja hadi Nyingine



Mtu aliyenunua gemu kwenye diski anaweza kuicheza, kuiazima, kuibadilisha na ya mwenzake, kuiuza au kuwaachia watoto wake. Mtu aliyelipia gemu hiyohiyo kwa kuipakua anaweza kuicheza, lakini kwa kawaida hana uhuru wa kufanya hayo mengine, hata kama amelipa bei ileile. Mada yangu inachunguza tofauti hiyo imetoka wapi, mahakama zimesema nini, na nini kifanyike. Hoja ninayoitetea ni kwamba mitambo ya kuhamisha gemu inawezekana kabisa, na kinachozuia ni mkataba. Kwa kuwa mkataba umeandikwa na watu, sheria inaweza kuuwekea mipaka.

1. Mnunuzi analipia nini hasa

Duka la Steam la kampuni ya Valve lilianza kazi Septemba 2003, na leo ndilo soko kubwa la gemu za kompyuta. Masharti yake yanasema wazi kwamba mteja anapewa leseni ya kutumia gemu, hauziwi gemu yenyewe, na kwamba hawezi kuiuza akaunti yake wala kuihamishia mtu mwingine. Masharti ya maduka mengine makubwa, kama yale ya Sony, Microsoft na Nintendo, yanakwenda njia hiyohiyo.

Matokeo yake ni kwamba gemu haijifungamanishi na mtu wala na mashine. Imefungamana na akaunti. Akaunti ikifungwa, gemu zote zilizomo zinaondoka nayo. Mwenye akaunti akifariki, kwa mujibu wa masharti hayo, mkusanyiko wake hauingii kwenye mirathi, ingawa kwa miaka mingi huenda alitumia kuukusanya fedha nyingi kuliko thamani ya samani za chumba chake.

2. Safari ya mahakamani

Msingi wa kisheria wa biashara ya vitu vilivyotumika ni kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala kihalali, haki yake ya kudhibiti usambazaji wa nakala hiyo inakoma. Marekani, Mahakama ya Juu iliukubali msingi huo mwaka 1908 katika kesi ya vitabu. Ulaya nayo inaufuata. Swali likawa: je, unahusu pia nakala iliyopakuliwa?

Ujerumani ilianza kulijibu kupitia gemu ya Half-Life 2. Gemu hiyo iliuzwa kwenye diski, lakini haikuchezeka mpaka isajiliwe kwenye akaunti ya Steam. Shirikisho la vyama vya kutetea watumiaji liliishtaki Valve. Tarehe 11 Februari 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba kampuni ina haki ya kukataza akaunti isihamishwe. Mteja alibaki na uhuru wa kuuza diski, lakini atakayeinunua hataweza kuicheza. Hukumu hiyo ilionyesha mapema jinsi haki inavyoweza kubaki kwenye maandishi huku matumizi yake yakifutwa.

Matumaini yalifufuka tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua kesi kati ya kampuni za UsedSoft na Oracle. Ilisema kwamba aliyelipia leseni isiyo na kikomo cha muda ya programu ya kompyuta anaweza kuiuza tena, hata kama aliipakua kwenye intaneti, mradi aifute nakala yake mwenyewe.

Kwa kuegemea uamuzi huo, chama cha watumiaji cha Ufaransa, UFC-Que Choisir, kiliishtaki Valve mwaka 2015. Tarehe 17 Septemba 2019 mahakama ya Paris ilikipa ushindi: sharti la kumkataza mteja asiuze gemu yake lilitangazwa kuwa batili. Wachezaji wengi walidhani mlango umefunguliwa.

Haukufunguliwa. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya Tom Kabinet, kwamba vitabu vya kielektroniki havifuati kanuni ya UsedSoft. Tarehe 21 Oktoba 2022 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikaitengua hukumu ya 2019, na tarehe 23 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya Ufaransa ikaunga mkono uamuzi huo wa rufaa. Ilieleza kwamba gemu si programu tupu. Ni kazi changamano yenye michoro, muziki, sauti, hadithi na wahusika, kwa hiyo inalindwa na sheria ya jumla ya hakimiliki. Iliongeza kwamba programu ya kawaida hutumika mpaka ipitwe na wakati, ilhali gemu huwahi kurudi sokoni mara mchezaji anapoimaliza, na mchezaji mpya anaweza kuifurahia miaka mingi baadaye.

3. Hoja ya makampuni na uzito wake

Hoja hiyo ya mwisho ya mahakama, ambayo makampuni nayo huitumia, tuipe heshima inayostahili. Diski huchubuka, hupotea, na humlazimu muuzaji akutane na mnunuzi. Faili halichakai. Nakala moja inaweza kupita mikononi mwa watu wengi kwa muda mfupi, kila mmoja akiimaliza hadithi na kuiuza. Kikundi kidogo cha waundaji waliotumia miaka mitatu kutengeneza gemu fupi ya saa sita kinaweza kukosa riziki kabisa. Pia, uhamisho ukiwa rahisi, wezi wa akaunti nao watapata soko.

Lakini hoja hizi zinadai uhamisho uwekewe utaratibu. Hazithibitishi kwamba upigwe marufuku moja kwa moja.

4. Ushahidi kwamba inawezekana

Mwaka 2013 Microsoft ilipotangaza Xbox One, mpango wake wa awali ulimruhusu mchezaji kumpa rafiki gemu yake ya diski, kama wachapishaji wa gemu hiyo wameridhia, kwa masharti mawili: rafiki awe kwenye orodha yake kwa siku 30 au zaidi, na gemu itolewe mara moja tu. Mpango huo uliachwa Juni 2013 kwa sababu ulibana matumizi ya diski na kuitaka mashine iwasiliane na intaneti kila baada ya saa 24. Hata hivyo, ulithibitisha kwamba wahandisi walikwisha kujua namna ya kuhamisha gemu na kuweka kizuizi cha ulanguzi.

Septemba 2024 Steam ilizindua rasmi mfumo wa familia: watu wasiozidi sita wa nyumba moja wanachangia maktaba zao. Mwaka 2025 Nintendo ilileta kadi za gemu za kidijitali, ambapo mtu anaweza kumwazima mwanafamilia gemu kwa siku 14. Katika muda huo aliyeazimisha hawezi kuicheza, na siku zikiisha gemu inarudi yenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha mada hii. Mfumo unaoweza kuiondoa gemu kwa baba, kuipeleka kwa binti kwa siku 14 na kuirudisha, unaweza pia kuipeleka bila kuirudisha. Kilichobaki ni uamuzi wa kibiashara.

5. Hali inayotugusa

Katika miji yetu biashara ya diski zilizotumika imewasaidia vijana wengi kucheza gemu ambazo wasingemudu zikiwa mpya. Lakini mashine zisizo na sehemu ya diski zinaongezeka: Xbox Series S na toleo la dijitali la PlayStation 5 ziliingia sokoni Novemba 2020. Kwa mwenye mashine kama hiyo, soko la mtumba halipo.

Pengo hilo linazibwa na uuzaji wa akaunti nzima kwa njia ya mitandao ya kijamii. Ni njia ya hatari. Aliyefungua akaunti ana barua pepe ya mwanzo na risiti za malipo, hivyo anaweza kuwaandikia huduma kwa wateja na kurudishiwa akaunti baada ya kulipwa. Mnunuzi hana pa kushitaki, kwani masharti yenyewe yanakataza mauzo hayo.

6. Mapendekezo

Kwanza, sheria za kulinda watumiaji zidai ukweli dukani. California imeshafanya hivyo: tangu tarehe 1 Januari 2025 muuzaji lazima amweleze mteja waziwazi kwamba anapata leseni, isipokuwa pale gemu inapoweza kupakuliwa na kutumika daima bila mtandao.

Pili, urithi utenganishwe na biashara. Mtoto anayeachiwa gemu na mzazi wake halangui kitu. Akaunti ya marehemu ihamishwe kwa hati za mirathi kama zinavyohamishwa fedha za benki.

Tatu, uruhusiwe uhamisho wa kudumu wa gemu mojamoja, kwa masharti: muda wa kusubiri baada ya kununua, idadi ya uhamisho kwa kila nakala, na sehemu ya bei imrudie muundaji. Muundaji hapati chochote diski inapouzwa mara ya pili, kwa hiyo utaratibu huu utamnufaisha zaidi kuliko soko la zamani.

Nne, wakati tukisubiri sheria, mnunuzi ajilinde. Asinunue akaunti ya mtu. Akitaka kitu atakachoweza kukiuza au kukirithisha, achague diski au kadi ya kushikika. Akinunua dijitali, aangalie maduka kama GOG, yanayotoa gemu zisizo na kufuli, zinazoweza kuhifadhiwa kwenye diski kuu yake na kuchezwa bila kuomba ruhusa ya seva, ingawa hata huko leseni ni yake binafsi.

Mahakama za Ulaya zimetafsiri sheria zilizotungwa kabla biashara hii haijakomaa. Kazi ya kutunga mpya ni ya wabunge, na watakaowasukuma ni watumiaji. Nawaomba wanasheria, vyama vya watumiaji na waundaji wa gemu tuanze na suala la urithi, kwa maana halimpunguzii muundaji hata senti moja, na familia zinalihitaji sasa.