Ukiuliza Vizuri, Utajibiwa Vizuri

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wengi wanatumia akili bandia kwenye simu. Lakini ukiandika tu, "Nipe somo juu ya utoaji," utapata maneno ya jumla, kwa sababu haijui kanisa lako.

Basi ieleze mambo manne: wasikilizaji ni akina nani, unataka nini, urefu gani, na lugha gani. Kwa mfano: "Niandalie somo la dakika 10, kwa Kiswahili rahisi, kwa akina mama wa kikundi cha kuweka akiba, kutoka Mathayo 25:14-30. Toa mifano ya shambani." Lisipofaa, iambie irekebishe.

Sasa angalieni sana. Kwanza, inaweza kubuni aya isiyomo katika Biblia. Fungua Biblia yako uhakikishe kila aya. Pili, usiandike humo jina la mgonjwa wala mwenye deni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda habari hizo, na muumini alikuambia wewe, hakuiambia mashine.

Mkirudi nyumbani, mjaribu na somo la Jumapili ijayo.