Mwenzetu Anayemtafuta Mungu kwa Njia Ndefu



Tuliombwa tuzungumze juu ya hisa na vitabu vya hesabu. Tutafika huko. Lakini vikundi viwili vimetuletea barua vikiuliza swali moja: je, twaweza kumwondoa mwanachama kwa sababu amehama kanisa?

Katika jambo hili sisi wenyewe tuna deni. Miaka iliyopita kulikuwa na kikundi cha akina mama cha kujenga matangi ya maji. Mama mmoja kati yao alibatizwa kwetu, kisha akaenda kwa Wapentekosti, halafu tukamwona kwa Akorino amevaa kilemba, na mwishowe akasilimu. Wenzake wakachoka. "Huyu hana msimamo," wakasema, "kesho atahama na pesa zetu." Sisi tulikuwa kwenye mkutano huo. Tulinyamaza, tukaandika kumbukumbu. Jina likafutwa, na zamu yake ya tangi ikapewa mwingine. Mchango wake hakuukosa hata mwezi mmoja. Na hakuna aliyemwuliza anatafuta nini.

Basi leo tuwasimulie juu ya mtu aliyetangatanga kumpita mama huyo, na Kanisa letu limemwandika katika orodha ya watakatifu. Ni Charles de Foucauld, Mfaransa, aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1858. Wazazi wake wote wawili walikufa mwaka 1864, akalelewa na babu yake. Alibatizwa Mkatoliki kama wengi wetu, lakini akiwa kijana shuleni imani ilimtoka kabisa. Alirithi mali, akaitapanya kwa karamu na anasa. Jeshini alikuwa ofisa, na huko nako alijulikana zaidi kwa utundu. Mtu wa namna hiyo, nani kati yetu angempa uweka hazina?

Aliacha jeshi mwaka 1882. Mwaka 1883 aliingia Moroko kuipima nchi na kuchora ramani, wakati ambapo Mkristo kuonekana huko ilikuwa hatari. Alijivika nguo za rabi wa Kiyahudi, akaongozwa na rabi halisi, Mordekhai Aby Serour. Kwa miezi kumi na moja hivi alilala mara nyingi katika nyumba za Wayahudi, akadharauliwa pamoja nao. Wapo Waislamu waliogundua kwamba ni Mkristo, na badala ya kumtoa wakamlinda.

Kumbe safari ya ramani ilimchora yeye. Aliwaona Waislamu wakisali, watu wanaoishi kana kwamba Mungu yupo pale pale mbele yao, na moyo wake ukatikisika. Aliandika hivyo mwenyewe baadaye. Hakusilimu. Lakini aliporudi Paris hakuweza tena kukaa kimya. Aliingia makanisani bila kuamini, akimwomba Mungu, kama yupo, ajijulishe kwake. Mwishoni mwa Oktoba 1886 alimwendea padre mmoja, Huvelin, ili afundishwe dini. Padre akamwambia apige magoti aungame. Akapiga magoti.

Mtadhani hapo amefika. Wapi! Mwaka 1890 aliingia kwa watawa Watrapisti, akaishi nao Ufaransa kisha Siria, akatoka. Mwaka 1897 akaenda Nazareti kuwa mtumishi wa masista, analala katika kibanda. Mwaka 1901 akapadrishwa, akaenda Algeria, na tangu 1905 akakaa Tamanrasset, katikati ya jangwa la Sahara, kwa Watuareg ambao ni Waislamu. Tuseme ukweli pia: aliupenda utawala wa Wafaransa huko, na sisi Waafrika hatuwezi kulipitia hilo haraka haraka. Mtakatifu naye ni mtoto wa wakati wake.

Huko Tamanrasset ndiko kuna jambo linalotuhusu sisi wafanyakazi wa maendeleo. Alikwenda kuwa msaada kwa maskini, mlango wake wazi kwa kila mtu. Mwanzoni mwa mwaka 1908, katika ukame mkali, aliugua akakaribia kufa. Watuareg, wenye njaa wao wenyewe, walitafuta mbuzi wote wenye maziwa kidogo kwa kilomita nne kuzunguka, wakamnywesha. Mfadhili akawa mfadhiliwa. Hakumgeuza karibu mtu yeyote kuwa Mkristo. Alijifunza lugha yao, akawaandikia kamusi, hadi alipouawa na wavamizi tarehe 1 Desemba 1916. Hakuwa na mfuasi hata mmoja wa kuishi naye. Ndugu Wadogo wa Yesu walianza mwaka 1933, miaka 17 baada yake. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Tulipomsoma habari zake tulimkumbuka yule mama, tukaenda kwake kuomba radhi. Alitupikia chai kwa maji aliyoyachota mtoni, kwa sababu tangi hana. Tukamwuliza swali tulilopaswa kumwuliza siku ile. Alituambia mtoto wake alipougua aliwaita Wapentekosti wamwombee, maana ndio waliokuwa karibu. Mtoto akafa. Akorino walikesha naye usiku kucha. Na aliyemletea unga siku arobaini zilizofuata, bila kumwambia neno la dini, ni jirani Mwislamu. "Mimi nilifuata mlango ulikofunguliwa," akasema. Kutoka kwetu, ndugu, hakuja mtu hata kwenye matanga.

Kikundi chake kimekubali jambo lake lirudi mkutanoni, ingawa wapo wanaopinga, na sisi tutakuwapo. Safari hii hatutakuwa waandishi tu.

Sasa fungueni katiba zenu pale panapoeleza kumwondoa mwanachama. Kama pameandikwa neno "dini" au "kanisa", pigeni mstari chini yake, halafu tuingie kwenye hisa.